Mlango wa Bafu Uliofungukia Ndani

Baba mkwe wangu alianguka bafuni kwetu saa nne ya asubuhi, siku ya pili tangu afike kutoka Mzenga, na mwenye makosa nilikuwa mimi. Marumaru zile nilizichagua mwenyewe. Tulipokuwa tunamalizia nyumba yetu hii ya Kibaha, mwendo wa kutembea kutoka kituo cha Kwa Mathias, nilimwambia mume wangu kwamba sakafu ya bafu lazima iwe nyeupe na ing'ae kiasi cha mtu kujiona uso. Nilikuwa nimeiona ya namna hiyo kwenye ukumbi wa harusi. Hakuna aliyenikumbusha kwamba kwenye ukumbi wa harusi watu wamevaa viatu.

Alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho. Ni mtu wa mikorosho na mihogo, mrefu, mkavu, wa maneno machache. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu, mimi naye tulikuwa hatujawahi kuzungumza jambo lolote refu kuliko salamu, habari za mvua, na kama tangawizi kwenye chai imetosha. Heshima ya mkwe kwao ndivyo ilivyo, na mimi ilinifaa, maana mbele ya wakubwa huwa sina maneno.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa kazini na watoto walikuwa shuleni. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, nashona sare. Nikasikia kishindo, kisha ndoo ikibiringika, kisha kimya. Nikaenda hadi mlango wa bafu, nikasimama hapo kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Baba," nikasema, "umeanguka?"

"Hapana," sauti ikajibu kutoka chini kabisa. "Nimekaa."

Nikamuuliza kama ameumia. Akasema hajaumia, ila mguu mmoja umenasa kati ya choo na ukuta, na wa pili umeuzuia mlango. Mlango wetu ulikuwa unafungukia ndani. Kwa hiyo hata kama angeniruhusu kuingia, nisingeweza, na hata kama ningeweza, asingeniruhusu, kwa sababu alikuwa hana nguo na mimi ni mke wa mwanawe. Tukabaki hivyo, kila mtu na upande wake wa ubao, tumeanza mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Akaniagiza nimwite mwanaume. Mtaa wetu saa nne ya asubuhi hauna mwanaume. Wote wamekwenda kutafuta. Niliyemkuta ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, nesi mstaafu, mama wa watu, nguzo ya akina mama wa parokia yake. Alikuja na glavu za mpira ameshazivaa na kipimo cha presha kikining'inia shingoni. Baba akasikia hatua za watu wawili.

"Umekuja na nani?"

"Mama jirani, baba. Ni nesi."

"Mshukuru. Mwambie nimeshapona."

Nesi hakukubali kushukuriwa. Akataka kujua kama mgonjwa anaweza kuchezesha vidole vya miguu. Alisema kwa sauti ya wodini, ambayo husikika hadi barabarani, lakini baba alisubiri mpaka mimi niliporudia swali lile lile, ndipo akanijibu mimi. Nikamgeukia nesi nikampa jibu ambalo alikuwa ameshalisikia. Tulikwenda hivyo kwa maswali saba au manane. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

Mwishowe nesi alitoka akarudi na muuza mkaa wa kona ya pili, kipande cha mtu. Yeye akaja na wazo moja tu, kuusukuma mlango kwa bega. Baba akamkumbusha kutoka ndani kwamba nyuma ya mlango kuna mguu. Muuza mkaa akazunguka nje kutazama dirisha, akarudi akasema lile dirisha ni la kupitisha sinia, tena sinia dogo. Kisha sauti ya baba ikaja, imetulia kabisa.

"Mwanangu, hii sabuni ya maji kwenye chupa ya kijani ni ya nini?"

"Ya vyombo, baba. Nilikuwa nasugulia sinki."

"Inateleza?"

"Sana."

Tukasikia chupa ikikorota, tena na tena, mpaka ikaisha. Tukasikia "Bismillahi", kisha mlio mrefu kama wa gunia linaloburutwa kwenye sakafu yenye maji, kisha kishindo kidogo upande wa mbali. Alizijaza marumaru zangu sabuni, akauchomoa mguu ulionasa, akajisukuma kwa mikono akateleza kinyumenyume hadi ukuta wa pili. Baada ya robo saa alitoka amevaa kanzu na kofia. Akawapa salamu nesi na muuza mkaa kama mtu anayekutana nao msikitini, akawauliza habari za nyumbani, akakaa barazani na kuomba chai. Hakuna aliyethubutu kutaja bafu.

Aliyelitaja ni yeye, jioni, kwa mwanawe. Alisema kesho akitoka kliniki ataunga moja kwa moja Mzenga, na kuanzia sasa atakuwa anakuja, anasalimia, anarudi siku hiyo hiyo bila kuoga. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa za basi. Lakini kliniki ilikuwa kila mwezi, na kutoka Mzenga alfajiri kuwahi foleni ya daktari si safari ya mzee wa umri wake. Mume wangu hakula vizuri usiku ule.

Sasa nieleze kidogo kuhusu mume wangu. Kazi yake ni kupima viwanja, na ni mtu wa mipango. Hafanyi jambo bila mpango, na akishaupata mpango mara nyingi jambo lenyewe halifanyiki. Uzio wetu umekuwa kwenye mpango tangu mtoto wa pili yuko tumboni. Safari hii alichukua daftari la hesabu la mtoto, lile la vyumba vyumba, akaandika juu kwa herufi kubwa: BAFU LA KUDUMU. Chini yake akaandika jambo la kwanza: mlango ufungukie nje. Nikakubali mara moja. Hilo ndilo jambo la mwisho tulilokubaliana kwa muda wa mwezi mzima.

Mimi nilikuwa na picha kwenye simu, nadhani arobaini. Kulikuwa na bafu lenye beseni la kulala, bafu lenye bomba la rangi ya dhahabu, bafu lenye ua kubwa la orkidi juu ya choo. Mume wangu alitaka mtambo wa kuchemsha maji ukutani na taa inayojiwasha mtu akiingia. Alichora ramani tatu. Katika ya kwanza, ili ufungue bomba ilikupasa uwe umekaa chooni. Ya pili ilikuwa nzuri sana, ila haikuwa na mahali pa kuweka pipa, na maji yetu ya bomba huja yanapopenda. Bafu lisilo na pipa hapa kwetu ni chumba cha kutazama tu. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, na tulipoipima sakafuni kwa chaki tukakuta imeingia nusu mita chumbani kwa watoto.

Tukamwita fundi kutoka Kwa Mathias, kijana mchangamfu aliyeweka marumaru nyumba nyingi za upande huu. Kila tulichomwuliza alijibu neno moja: "Hiyo ndogo." Kuhamisha choo? Hiyo ndogo. Kuvunja sakafu bila kupasua bomba la chini? Hiyo ndogo. Bafu litadumu miaka mingapi? Hapo alifikiri kidogo, kisha akasema hiyo nayo ndogo. Nesi jirani, ambaye sasa alijiona ana hisa katika jambo lile, alikuja na ushauri wake kwamba ziwekwe nguzo za chuma za kushikia kama za hospitali, lakini hakukumbuka za hospitali zilikuwa juu kiasi gani. Alijaribu kukumbuka kwa kujikunja mbele yetu kama mgonjwa anayeinuka. Kila alipojikunja kimo kilibadilika, na mume wangu alivifuta vipimo vyake mara nne.

Jumapili moja nikiwa namenya viazi, mume wangu akafunga daftari akasema, "Tunamjengea mtu ambaye hatujamuuliza."

Akapiga simu Mzenga. Baba alisikiliza mipango yote mitatu mpaka mwisho, kisha akasema hajaelewa hata mmoja, na kama tunataka kujua bafu lilivyo, twende tukaone lake.

Jumamosi iliyofuata tuliazima gari ya mfanyakazi mwenzake mume wangu, tukapita njia ya Mlandizi hadi Mzenga. Nilimkuta baba mkwe amekaa kwenye kiti uani, ananisubiri na shikamoo yangu. Aliitikia marahaba, kisha kwa mara ya kwanza tangu niolewe akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba.

Bafu lile nilikuwa nimeoga humo kila Idi na kila msiba kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa sijawahi kuliona. Kuta zake ni mabati ya zamani, na juu ni mbingu. Siku zote nililichukulia kama adha ya siku mbili, mtu anavumilia mpaka arudi kwake. Sasa niliingia na viatu, pamoja na mume wangu na utepe wake wa kupimia, na baba akasimama mlangoni kama anayeonyesha shamba la kuuza.

Sakafu ilikuwa ya mawe bapa yaliyoshikwa kwa saruji, magumu chini ya nyayo. Baba akamwaga ndoo nzima. Kabla ndoo haijaisha, maji yalikuwa yameshatoka nje na kuingia kwenye migomba. Mlango wa bati ulifungukia nje. Palikuwa na kijukwaa cha sabuni mahali ambapo mkono unafika bila mgongo kuinama, na kigoda cha jiwe cha kukalia wakati wa kusugua miguu. Mume wangu aliandika kila kitu. Mimi nilisimama nikiwaza zile picha zangu arobaini, na sikupata hata moja yenye mahali pa kukaa.

Kando ya ukuta palikuwa na mti uliochimbiwa chini, umesuguliwa na mikono mpaka umekuwa laini kama kiwiko. Mume wangu aliupima akatikisa kichwa.

"Baba, huu umekuwa mfupi mno. Wewe ukiushika unainama. Kwenye bafu la kule tutaupandisha."

"Huo si wangu," baba akasema. "Wa mama yenu."

Mama mkwe alikuwa mfupi. Magoti yake yalipoanza kumkatalia, miaka miwili kabla hajatutoka, baba alimkatia mti ule na kuuchimbia kwa kipimo cha mkono wake. Alipofariki hakuung'oa. Aliendelea kuushika ulivyo, mtu mrefu kiasi kile, amejikunja. Alitueleza hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayetwambia jembe huwa linawekwa wapi. Mume wangu aliinamia daftari akafuta kitu ambacho nadhani hakikuwa na kosa. Mimi nilitoka kutazama migomba.

Nisije nikamfanya baba kuwa mtu asiyekosea. Tulipokuwa tunakunywa chai alitoa sharti lake kuu, nalo lilikuwa kwamba bafu la Kibaha liondolewe paa. Alisema bafu lililofunikwa hunuka, na mtu anayeoga anatakiwa aone mawingu. Mume wangu akamweleza kwamba upande wa mashariki kuna jirani anapandisha ghorofa. Baba akasema huyo jirani ndiye anayepaswa kuona aibu. Walibishana mpaka korosho zikaisha kwenye sahani. Mwisho walipatana tubomoe lile dirisha la sinia tuweke kubwa, la juu, lenye vioo visivyoonyesha ndani.

Kliniki iliyofuata tulimchukua baba kuja kuchagua marumaru za chini, kwa kuwa mimi nilikuwa nimepoteza haki hiyo. Duka lipo Kwa Mathias, kubwa, lina kiyoyozi. Muuzaji, dada nadhifu mwenye miwani, alianza kwa kutuonyesha zile zinazong'aa. Baba akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba maji kwenye jagi na sabuni ya kunawia.

Yule dada alidhani anataka kunawa. Baba akavua makobazi, akakunja kanzu, akapanga sampuli sita sakafuni mbele ya kaunta, akazimwagia maji, akadondoshea sabuni, akapanda ya kwanza kwa mguu mmoja huku mwanawe amemshika mkono. Ikateleza. Akasema, "Hapana." Akapanda ya pili. Mimi nilirudi nyuma mpaka kwenye masinki, nikajifanya mteja mwingine. Muuzaji akamwita meneja, na meneja akaja akasimama bila kujua aanze wapi, kwa sababu huwezi kumwambia mzee wa kanzu nyeupe ashuke kwenye marumaru. Wateja wawili wakasogea kutazama. Mmoja, mama mwenye mkoba, akauliza kama na yeye anaweza kujaribu hizo hizo maana ana mama yake nyumbani. Akavua viatu. Baba akampisha, akamwelekeza akanyage na kisigino kwanza. Kabla hatujaondoka palikuwa na watu watano peku dukani, na meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa anaongeza maji.

Zile sita zilishindwa zote, zikaletwa nyingine, na iliyofaulu ilikuwa ya kumi na moja. Ilikuwa na makwaruzo, haing'ai, rangi yake ya ugali wa mtama uliolala. Nilipoiona moyo ulinianguka. Baba aliisimamia kwa miguu yote miwili, akaachia mkono wa mwanawe, akajitikisa mabega kama anayecheza ngoma. Haikumtupa. Akasema hiyo. Kisha, bila kunitazama, akamwambia mwanawe kwamba za ukutani achague mama wa nyumba, kwa kuwa ukutani hakuna mtu anayetembea. Nikachagua nyeupe zinazong'aa. Nilizichagua kwa dakika mbili kabla hajabadili mawazo.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu, na wiki zote hizo tulioga kwa nesi. Familia ya watu watano inayovuka njia na taulo begani haiwezi kuwa na siri mtaani. Muuza mkaa alijua mwanangu mkubwa anaoga dakika ngapi. Mume wangu alikutana na balozi wa nyumba kumi akiwa na mswaki mdomoni, wakajadili suala la takataka kwa muda mrefu. Nesi naye hakutulia; ukitoka bafuni kwake unapimwa presha.

Fundi alivunja, akahamisha, akageuza mlango, akafunga bomba zote mpya, na siku aliyomwaga sakafu akatuita tuone. Ilikuwa sawa kabisa, tambarare, kazi safi. Mume wangu alichota ndoo akaimwaga. Maji yalisimama kidogo kama yanayoulizia njia, kisha yakatoka kupitia mlangoni, yakafuata korido, yakaingia sebuleni chini ya kochi. Tuliyafuata sote watatu mpaka yalipofika kwenye zulia.

"Hiyo ndogo," fundi akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Akaivunja akaimwaga upya, safari hii na mwinamo. Mume wangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimsimamia kwa pima maji siku nzima, maana sikuwahi kumwona akiusimamia mpango wake wowote mpaka mwisho. Vyuma vya kushikia viliwekwa viwili. Kimoja kwa kimo cha baba. Kingine chini yake, kifupi, kwa kipimo kile cha daftarini. Fundi aliuliza cha chini ni cha nani, nikamwambia kifunge tu.

Baba alikuja mwezi uliofuata. Tulimwonyesha bafu, akafungua mlango kwa nje mara mbili, akaufunga, akatikisa chuma cha juu. Cha chini alikigusa kwa vidole, akakiacha. Jioni akaomba maji ya moto, akaingia na ndoo yake.

Sisi tulikaa sebuleni na taarifa ya habari. Mume wangu alipunguza sauti ya televisheni mpaka mtangazaji akawa anachezesha midomo tu. Watoto walikatazwa kutembea. Tulisikia kata ikigonga ndoo, maji yakimwagika, maji yakiondoka. Tulisikia akijisafisha koo. Kisha kimya, na mume wangu akanyanyuka nusu kwenye kiti, akakaa tena maji yalipoendelea.

Alitoka ananukia sabuni, kanzu imenyooka. Akakaa, akaomba chai, akanywa kikombe kizima polepole akitazama televisheni isiyo na sauti. Mume wangu alivumilia mpaka alipoweka kikombe chini.

"Baba, vipi bafu?"

Baba mkwe wangu alimtazama mwanawe kama anayetafuta nini hasa kinaulizwa.

"Bafu ni la kuogea," akasema. "Nimeoga."

Alikuwa amekuja kwa siku mbili. Alikaa miezi minne, mpaka korosho zilipoanza kudondoka kule kwao, na alioga asubuhi na jioni, kwa ndoo mbili mbili, hivi kwamba sasa tunahitaji tenki la pili. Mume wangu ameshaanza kulichora.